Kwa nini aiskrimu ya mahindi hugeuka jiwe, au uji uliolala kwenye friza

Jaribio langu la kwanza lilikunja kijiko. Sisemi kwa kunogesha habari: kijiko cha chai, kile chepesi cha dukani, kilipinda shingo juu ya kontena la aiskrimu ya mahindi iliyolala usiku mzima kwenye friza. Tuliishia kuikwangua kwa kisu, ikatoka vigaevigae kama barafu ya ukwaju, na mdomoni ikawa maji baridi yenye harufu ya mahindi kwa mbali. Mara ya pili nikaongeza mahindi maradufu, nikiamini kosa lilikuwa uchache. Ikatoka laini, ndiyo, lakini ulaini wa kunata. Baba watoto akaonja, akalitazama kontena, akauliza ni nani kasahau uji kwenye friza.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba makosa hayo mawili hayana undugu. Jiwe ni kosa la maji. Uji ni kosa la wanga. Mahindi mabichi huleta vyote viwili kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana aiskrimu hii huwashinda hata watu ambao ya vanila au ya embe wanaiweza vizuri tu. Na dawa ya kosa moja huchochea lile lingine: ukikimbia jiwe kwa kurundika mahindi, unaangukia kwenye uji, ukikimbia uji kwa kupunguza mahindi na kumimina maziwa, unarudi kwenye jiwe.

Haya si mahindi wanayoyasema

Mapishi mengi ya aiskrimu hii yameandikwa na watu wenye mahindi mengine. Wanaposema mahindi matamu wana maana ya aina yenye kasoro ya kurithi: punje inashindwa kugeuza sukari yake yote kuwa wanga, kwa hiyo sukari inabaki imerundikana ndani. Aina za zamani zina kasoro kwenye jeni moja. Aina mpya, zilizotokana na kazi ya John Laughnan wa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1950, zina kasoro kwenye jeni nyingine, ni tamu zaidi, na hutunza utamu wake siku nyingi zaidi baada ya kuvunwa. Ukiyakausha mahindi ya namna hiyo, punje hukunjamana kama uso wa bibi kizee, kwa sababu hakuna wanga wa kuzijaza.

Yetu ni kinyume chake. Mahindi meupe ya shamba, haya ya ugali, yamechaguliwa vizazi na vizazi kwa ajili ya wanga. Tunayoyachoma na kuyachemsha barabarani ni hayohayo, ila yamewahiwa kabla hayajakomaa. Ya njano hatukuyapenda sana. Wapo wanaoukumbuka bado unga wa njano wa msaada wa miaka ya njaa, na kumbukumbu yenyewe si ya kuamsha hamu ya kula.

Hilo halimaanishi tuyaache. Wabrazili wana aiskrimu maarufu ya mahindi mabichi, na mahindi wanayotumia kwa kawaida ni ya shamba kama yetu, yaliyovunwa yakiwa bado na maziwa. Wafilipino huuza barabarani aiskrimu ya mahindi iliyochanganywa na jibini, na mtu akiionja mara moja haulizi tena kwa nini. Kwa hiyo mahindi ya ugali yanaweza kabisa kutoa aiskrimu nzuri. Shida ni kuyafuata kwa maelekezo ya mahindi ambayo si yenyewe.

Kazi inaanza kwa muuza mahindi. Ninayenunua kwake huuliza kila mara: "Dada, ya kuchoma au ya kuchemsha?" Swali hilo lina elimu ndani yake. Ya kuchoma ameyaacha yakomae kidogo ili yastahimili moto wa mkaa. Ya kuchemsha ni machanga zaidi. Kwa aiskrimu, sema ya kuchemsha. Kisha menya ganda kidogo upande wa ndevu, bonyeza punje moja kwa ukucha. Likiruka tone la maji maangavu, ni machanga mno, hayana ladha bado. Likitoka tui jeupe kama maziwa, hayo ndiyo. Ukucha ukizama ndani ya kitu kama donge la unga, mwachie mwenye jiko la mkaa.

Na ukishayanunua usiyalaze. Punje haijui kwamba imevunwa. Inaendelea kugeuza sukari kuwa wanga, na joto linaiharakisha. Mahindi matamu ya aina ile ya zamani, yakikaa kwenye nyuzi 30, hupoteza takriban nusu ya sukari yake kwa siku moja. Nyuzi 30 ni jikoni kwangu Januari saa nne asubuhi.

Kastadi ilitutangulia

Sasa wanga. Ndani ya punje wanga umekaa katika vijipunje vidogo sana, vigumu, visivyoyeyuka kwenye maji baridi. Ukikoroga unga kwenye maji baridi ukaacha, unatuama chini. Ukipasha moto, mahali fulani kati ya nyuzi 62 na 72 vijipunje vya mahindi huanza kunywa maji, vinavimba, vinapasuka na kumwaga nyuzinyuzi zinazoshikana. Kila aliyepika uji amewahi kukiona kitendo hicho: dakika tano unakoroga maji, ghafla mwiko unakuwa mzito.

Kwenye aiskrimu, wanga kidogo uliopikwa vizuri ni mali. Unayashika maji yasizurure. Na chembe za barafu hukua kwa maji yanayozurura: maji hutoka kwenye chembe ndogo na kwenda kujiunga na kubwa, mpaka unakuta mchanga wa barafu ulimini. Maji yakifungwa ndani ya ute wa wanga, safari hiyo inakuwa ngumu. Wapishi wa Sicily wamekuwa wakitengeneza aiskrimu yao hivyo tangu zamani, maziwa na wanga bila yai hata moja.

Na si Sicily tu. Ukienda kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ukauliza aiskrimu ya nyumbani inatengenezwaje, utaambiwa: maziwa, sukari, kastadi. Kastadi ya kopo ni nini? Soma nyuma ya kopo. Ni wanga wa mahindi, rangi ya njano na harufu ya vanila. Aliyeibuni ni Mwingereza Alfred Bird, mwenye duka la dawa pale Birmingham, mwaka 1837, kwa sababu mkewe mayai yalikuwa yakimdhuru na kastadi ya asili ni ya mayai. Kwa hiyo tumekuwa tukila aiskrimu ya mahindi miaka yote hii, ila mahindi yaliyonyang'anywa ladha yake kisha yakapakwa rangi ya yai. Tunachofanya hapa ni kuyarudishia ladha.

Ndiyo maana sitii mayai kwenye yangu. Kazi ya yai ni kuongeza uzito na kuunganisha mafuta na maji. Uzito tayari mahindi yetu yanao, tena bure, na harufu ya yai huifunika ile ya mahindi, ambayo ni ya kinyenyekevu.

Wanga ukizidi ndipo mambo yanapoharibika, kwa namna mbili. Ya kwanza ni uji niliokwisha kuusema. Ya pili hujitokeza baada ya siku kadhaa, na kuielewa inatosha kukumbuka ugali wa kiporo. Ugali ukitoka jikoni ni laini na umeshika maji yake. Asubuhi yake ni mgumu, unameguka, na chini ya sahani kuna unyevu. Zile nyuzinyuzi za wanga zikipoa hurudi kujipanga na kukazana, na zinapokazana zinayatema maji. Friza haizuii jambo hilo, na kuyeyuka na kuganda tena kunalizidisha. Aiskrimu iliyojaa wanga hugeuka kiporo ndani ya kontena, na maji yaliyotemwa yanakuwa barafu. Jiwe na uji kwa pamoja.

Kuna na kosa la tatu, dogo lakini la kuudhi: wanga usioiva. Mtu anachemsha maziwa, anasaga mahindi mabichi, anachanganya vikiwa vya uvuguvugu, anagandisha. Ulimi unakutana na kitu kama chaki. Mchanganyiko lazima uchemke wazi, utoe mapovu mazito ya uji dakika mbili hivi, ndipo useme umeiva.

Maji yasiyotakiwa kuganda yote

Aiskrimu ni kitu kilichoganda nusunusu. Ndani yake kuna chembe za barafu, matone ya mafuta, mapovu ya hewa, na katikati ya vyote hivyo kuna sharubati nzito ambayo haijaganda na haitaganda hata ukiiacha kwenye friza ya nyumbani mwezi mzima. Sharubati hiyo ndiyo inayompa kijiko njia ya kupita. Friza ya kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na maji matupu huko ni mwamba. Lakini sukari iliyoyeyuka huyazuia maji kujipanga kuwa barafu. Yale machache yanayofanikiwa kuganda hayaibebi sukari, yanaiacha nyuma. Maji yaliyobaki yanazidi kuwa matamu, yanazidi kuwa magumu kugandisha, mpaka friza inanyoosha mikono.

Mara ya kwanza nilipunguza sukari. Nilijiambia mahindi yenyewe matamu, na nani anataka kisukari? Matokeo yake ni kile kijiko. Sukari kwenye aiskrimu ni kiungo cha ladha na wakati huohuo ni kiungo cha ulaini, na ukiipunguza kwa sababu ya kwanza unaadhibiwa kwa sababu ya pili.

Kuna hila ya ulimi pia. Ubaridi huuzuia ulimi kuonja utamu. Mtu yeyote aliyewahi kuulizwa dukani "soda ya moto au ya baridi?" anajua kwamba ya moto, yaani ile isiyotoka kwenye friji, ni tamu kupita kiasi, ilhali chupa ni ileile. Kwa hiyo mchanganyiko wako ukiuonja ungali wa moto ukasema "hii sukari imezidi", tulia. Imetosha.

Kama kweli hutaki utamu mwingi, njia ipo, nayo inauzwa duka la jirani: glukosi ya unga, ile ya boksi wanayopewa wagonjwa na wachezaji mpira. Kinachozuia maji kuganda ni idadi ya molekuli zilizomo, uzito haujalishi. Molekuli ya sukari ya kawaida ina uzito wa 342, ya glukosi 180. Maana yake gramu moja ya glukosi ina molekuli karibu mara mbili, na huzuia kuganda karibu mara mbili, wakati utamu wake ni kama robo tatu tu ya sukari. Ukibadilisha sehemu ya sukari kwa glukosi unapata ulaini zaidi kwa utamu mdogo zaidi. Asali nayo hufanya kazi hiyo, ila asali yetu ya nyuki wa porini ina kelele, mahindi hayasikiki.

Upande mwingine wa hesabu ya maji ni kuyapunguza. Maziwa ya unga, vijiko vichache, huongeza protini inayoshika maji. Usirundike: sukari ya asili ya maziwa haiyeyuki kwa urahisi kwenye baridi, ikizidi hutua na kuwa mchangamchanga unaofanana na barafu lakini hauyeyuki ulimini. Krimu huleta mafuta, na mafuta hayagandi kuwa barafu, hulainisha, tena ndiyo yanayobeba harufu. Mahali ambapo krimu ni ghali au haipatikani, kasimile, lile tui zito la kwanza, linakaa mahali pake vizuri kabisa. Pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba mahindi na nazi vinapendana. Tahadhari ni moja: tui likichemshwa kwa nguvu hukatika, kwa hiyo litie mwishoni moto ukishazimwa.

Harufu iko kwenye gunzi

Hapa ndipo nilipopoteza zaidi, kwa sababu nilikuwa natupa magunzi.

Harufu ile ya mahindi ya kuchemsha, ile inayokufikia kabla hujaiona sufuria, kwa sehemu kubwa hutokana na kampaundi ya salfa iitwayo daimethili salfaidi. Huchemka na kuruka kwenye nyuzi 37, joto la mwili wako. Basi jiko likinukia mahindi nyumba nzima, ile unayoisikia ndiyo ambayo haitakuwamo kwenye aiskrimu. Funika sufuria. Na uchemshe pamoja na kitu chenye mafuta, kwani mafuta huishikilia harufu kuliko maji.

Mimi nafanya hivi. Nachukua mahindi manne ya wastani yenye maziwa, nayasimamisha moja moja ndani ya bakuli pana (ubao wa kukatia utarusha punje mpaka chini ya jiko) na kuzikata punje kwa kisu kikali, bila kuzamisha kisu mpaka kwenye gunzi. Zinatoka kama gramu 400. Kisha nageuza kisu, upande wa mgongo, nakwangua gunzi kutoka juu kwenda chini. Hapo ndipo inatoka ile rojorojo nyeupe, na vile viini vidogo vilivyobaki kwenye vishimo. Gunzi moja hutoa kijiko kimoja au viwili. Ukiilamba utajua kwa nini siitupi tena: ni tamu kuliko punje yenyewe.

Magunzi yaliyokwanguliwa nayavunja vipande, nayatia kwenye nusu lita ya maziwa yasiyotolewa mafuta, nafunika, napasha mpaka yaanze kuchemka, nazima, naacha nusu saa. Maziwa yanapoa kidogo na kunywa kila kilichobaki kwenye gunzi. Nayatoa magunzi, nayakamua kwa mkono, kisha nasaga punje na ile rojorojo kwenye blenda pamoja na maziwa hayo, dakika mbili nzima, na kuchuja kwa chujio la wavu mwembamba. Usiruke kuchuja. Maganda ya punje hayasagiki hata kwa blenda ya bei mbaya, na kwenye baridi yanakuwa kama vipande vya karatasi.

Kilichochujwa narudisha jikoni peke yake, bila sukari. Sababu ni ileile ya uji: sukari ikitangulia inagombania maji na wanga, na wanga unachelewa kuiva. Nakoroga bila kuacha, maana kinashika chini upesi. Kikiwa kizito natazama. Kinachotakiwa ni uzito wa uji mwepesi wa mgonjwa, unaopaka mgongo wa mwiko na kuacha mstari ukipitisha kidole. Kikiwa kizito kuliko hapo, mahindi yalikuwa yamekomaa. Naongeza maziwa bila aibu. Kikiwa chepesi kama maziwa, mahindi yalikuwa machanga mno, au nimetumia yale matamu ya kopo, na hapo kijiko kimoja cha kastadi au wanga wa mahindi kilichokorogwa kwenye maziwa baridi hufidia.

Ndipo vinaingia sukari gramu 150, glukosi gramu 40, maziwa ya unga gramu 40 na chumvi kama theluthi ya kijiko cha chai. Chumvi hiyo usiidharau. Nazima moto, natia krimu au kasimile mililita 250. Jumla inakuwa kilo moja na kitu.

Neno dogo kuhusu kuonja: kijiko ulicholamba kisirudi sufuriani. Si suala la adabu peke yake. Mate yana kimeng'enya kinachokatakata wanga, na wanaolisha watoto wameona jinsi uji ulioguswa na kijiko cha mdomoni unavyogeuka maji baada ya muda. Mchanganyiko wako unakwenda kukaa kwenye friji usiku mzima, utapata supu.

Na ndiyo, lazima ukae usiku mzima, au angalau saa nne. Mafuta yanahitaji muda huo kuwa magumu ili yaweze kushika hewa, na protini zinywe maji. Nimejaribu kuruka hatua hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tofauti inaonekana.

Kijana wa Magamba na bakuli la moto

Kuna Mtanzania ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya fizikia vya dunia kwa sababu hakusubiri mchanganyiko upoe. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanapoa, yanaingia kwenye friji. Nafasi zilikuwa zinaisha. Akaingiza yake ya moto. Saa moja na nusu baadaye, yake ilikuwa imeganda, ya mwenzake aliyeiingiza bila kuichemsha ilikuwa bado rojo. Alipouliza alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza, mpaka alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa maji kwa makini sana na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia kuganda. Wengine wana majibu yao. Mimi nasema hivi: swali la Mpemba lilikuwa zuri kuliko majibu mengi aliyopewa, lakini aiskrimu yako usiiingize ya moto. Itazikosa zile saa za kutulia, na itapasha kila kilichomo ndani ya friza, samaki wa wiki nzima wakiwemo.

Kasi yenyewe ya kuganda, hata hivyo, ni jambo kubwa. Maji yakiganda haraka huzaliwa chembe nyingi ndogo. Yakiganda taratibu huzaliwa chache kubwa. Chembe ikipita takriban sehemu 50 za milioni ya mita, ulimi unaanza kuihesabu. Mashine ya aiskrimu inafanya mambo mawili tu: inagandisha haraka kwenye ukuta wake na kukwangua chembe kabla hazijakua, huku ikiingiza hewa. Asiye na mashine anatafuta njia ya kuiga hayo.

Watu wengi husema koroga kila nusu saa. Inafanya kazi, kwa kiasi, kama una mchana mzima wa kukaa karibu na friza na kuifungua mara nane, jambo ambalo lenyewe linapunguza baridi. Mimi naipendelea hii: mimina mchanganyiko baridi kwenye vile vitrei vya vipande vya barafu, gandisha kabisa, kisha tia vipande kwenye blenda na vijiko viwili vya maziwa baridi, saga kwa kusitasita mpaka vilainike, rudisha haraka kwenye kontena lililokwisha kupozwa. Kipande kidogo huganda upesi kuliko kontena kubwa, na kisu cha blenda kinavunja chembe na kupiga hewa kwa pamoja.

Njia ya tatu ndiyo ya kale, na watoto wanaipenda: barafu na chumvi. Tia sufuria nyembamba yenye mchanganyiko ndani ya ndoo, zungushia barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, kama sehemu tatu kwa moja, kisha zungusha sufuria huku ukikwangua kuta zake kwa mwiko. Chumvi huifanya barafu iyeyuke ingawa ni baridi kuliko sifuri, na barafu ili iyeyuke lazima inyang'anye joto mahali. Inalinyang'anya kwenye sufuria yako. Mchanganyiko huo unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kuliko friza. Mmarekani Nancy Johnson alipata hataza ya mashine ya mkono ya namna hiyo mwaka 1843: ndoo, chombo ndani, na mpini wa kuzungusha. Barafu ya sokoni, ile ya samaki, inafaa kwa kazi hii, mradi mfuniko ufunge sawasawa na asiingie mtu akadhani ni ya kutia kwenye juisi.

Ikishaganda, iweke kwenye kontena pana na fupi, bandika nailoni juu ya uso wake wa aiskrimu isiguse hewa, isukume nyuma kabisa ya friza, mbali na mlango. Kila friza inapopata joto kidogo, chembe ndogo huyeyuka, na ikipoa tena maji hayo yanajishikiza kwenye kubwa. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, umepoteza kazi ya siku mbili. Kwangu haikuwa hata kukatika: Luku iliisha usiku, kila mtu akidhani mwingine ameongeza. Asubuhi ilikuwa imerudi kuwa maziwa ya uvuguvugu, na maziwa yaliyokaa hivyo usiku kucha hayagandishwi mara ya pili, yanamwagwa.

Itoe friza dakika kumi kabla ya kupakua. Ndimu na pilipili ya unga kidogo juu yake, kama ya muuza mahindi ya kuchoma, zitawashangaza wageni; na kama una mkaa umewaka, hindi moja kati ya yale manne lichome kwanza mpaka liwe na madoa meusi, kisha lisage na mengine. Yale makapi yaliyobaki kwenye chujio yachanganye na unga wa ngano, sukari, iliki na yai, ukaange kwa mafuta kidogo kama chapati za maji. Nyumbani kwangu huisha kabla aiskrimu haijaganda.